Nafuu ya Nani?

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili, na mimi nililipa pauni 1,910 kujifunza kwamba kazi hizo ni mbili kweli. Neno lenyewe ni nafuu. Bei nafuu ni bei isiyouma. Kupata nafuu ni kuanza kupona. Nilipokuwa nachagua bima ya paka wangu nilitazama nafuu ya kwanza, nikadhani ya pili itafuata yenyewe. Haikufuata.

Najua tayari nimewapoteza baadhi yenu. Bima ya paka! Kuna rafiki yangu mmoja, tulisoma pamoja, ambaye kila nikimtaja Pweza kwenye kundi letu la WhatsApp hujibu kwa maneno matatu: "Ni paka tu." Halafu anaweka vile vikatuni vya kucheka. Nataka kubishana na huyo rafiki, na nataka kubishana pia na wale wanaouza bima kwa picha ya paka aliyefungwa utepe shingoni, wakimwita "mwanafamilia". Wanaonekana wako pande mbili. Mimi nasema wamekosea jambo moja: wote wanadhani bima ya paka ni kwa ajili ya paka.

Nilipozaliwa, Tanga, paka hawana mwenyewe, wana mtaa. Paka wa karibu na soko la samaki hula kuliko watoto wengine, akiugua anajificha uvunguni mwa gari bovu, akifa watoto wanamzika au hawamziki. Hakuna anayetuma dai popote. Sikukua nikijua kwamba paka anaweza kuwa na faili la hospitali.

Hapa Leeds mambo ni mengine. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, zamu nyingi ni za usiku, na mwaka wangu wa kwanza niliongea zaidi na wagonjwa wenye kusahau kuliko na mtu yeyote anayelijua jina langu. Pweza nilimchukua kwenye kituo cha paka waliotelekezwa. Dume, mweusi, amehasiwa, mzito wa kulala. Daktari wa mifugo aliyemwona mara ya kwanza aliniuliza swali moja kabla hata hajamgusa: "Ana bima?"

Lina sababu zake swali hilo. Uingereza mtu anatibiwa na NHS, lakini paka hana NHS. Kila sindano ina bei, na usiku ina bei ya usiku. Mamlaka ya ushindani ya nchi hii, CMA, ilipoanza kuichunguza biashara ya matibabu ya wanyama, ilieleza kwamba mwaka 2013 kama asilimia 10 tu ya kliniki ndizo zilizokuwa za makampuni makubwa. Miaka kumi baadaye zilikaribia asilimia 60. Kliniki ya mtaani inabaki na jina lake la zamani mlangoni, lakini mwenye nayo amebadilika.

Lipo shirika la hisani, PDSA, lililoanzishwa mwaka 1917 mashariki mwa London na Maria Dickin kwa ajili ya wanyama wa maskini, na mpaka leo linatibu bure au kwa bei ndogo. Wanachoangalia zaidi ni kama unapokea ruzuku za serikali. Siwalaumu, lazima wapime kwa kitu fulani. Ila visa yangu imeandikwa wazi kwamba sina haki ya fedha za umma. Naweza kuwa maskini kwa mshahara, siwezi kuwa maskini kwa karatasi. Kwa mtu kama mimi mlango unaobaki ni bima.

Basi nikakaa kitandani na simu, nikafungua tovuti ya kulinganisha bei. Nikajaza umri wa paka, rangi, msimbo wa posta. Ikaleta orodha. Hapa ndipo ugomvi wangu unapoanzia, kwa sababu orodha ilipangwa kwa bei, ndogo juu, kubwa chini, kana kwamba vitu vyote vilivyomo ni kitu kimoja kinachotofautiana bei tu. Kama nyanya.

Ya juu ilikuwa pauni 6.40 kwa mwezi. Chini kabisa, baada ya kuteleza kidole mara nyingi, ilikuwepo ya pauni 17.90. Tofauti ni pauni 11.50 kila mwezi, pesa ya kununua mchele wa wiki mbili. Nilichukua ya 6.40 na kujisifu.

Sasa nikwambie nisichoambiwa. Bima za paka nchini humu ni za aina nne, na aina ndiyo jambo la kwanza, bei ni la pili. Ya kwanza hulipa ajali tu: gari, kuanguka, kung'atwa. Paka anayekaa ndani hagongwi na gari, huugua, kwa hiyo kwake bima hiyo ni mwavuli wa jangwani. Ya pili hulipa kila ugonjwa kwa miezi 12 tangu ulipoanza, tena kwa kikomo cha fedha. Muda ukiisha au fedha zikiisha, ugonjwa huo unafutwa kwenye mkataba. Ya tatu haina saa, ina mfuko: kila ugonjwa umetengewa kiasi, kikiisha kimeisha milele. Ya nne inaitwa ya maisha: kila mwaka ukihuisha mkataba, mfuko unajazwa upya, na ugonjwa wa mwaka jana unalipiwa mwaka huu pia.

Ile ya 6.40 ilikuwa ya aina ya pili. Jambo hilo liliandikwa, siwezi kusema halikuandikwa. Liliandikwa pale ambapo matangazo ya redio za nyumbani hukimbiza maneno "vigezo na masharti kuzingatiwa", kwa kasi ambayo hakuna binadamu anayeweza kuzingatia chochote.

Mwezi wa tano Pweza akaanza kuingia kwenye trei yake ya mchanga, anachuchumaa, anajikaza, anatoka bila kitu. Anarudi tena. Mara ya sita akalia, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Kama una paka dume, soma sentensi hii mara mbili: hiyo siyo choo ngumu, hiyo ni dharura. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba. Ukizibwa na vijiwe vidogo kama mchanga, au ute, au misuli iliyokaza, mkojo unarudi nyuma, figo zinaelemewa, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Ndani ya siku moja au mbili paka anaweza kufa.

Walimpa dawa ya usingizi, wakamwekea mpira wa mkojo, wakamlaza siku tatu na dripu. Bili ilikuwa pauni 1,640. Nilitoa 99 za kwanza, kama mkataba unavyotaka kwa kila ugonjwa. Kikomo kilikuwa 1,500, bima ikazilipa zote. Jumla mfukoni kwangu zilitoka pauni 140. Nilimpigia simu yule rafiki wa "ni paka tu" nikamringia. Nilisema bima imefanya kazi. Sikujua kwamba siku hiyohiyo bima ilikuwa imemaliza kazi.

Ugonjwa huu una tabia moja inayojulikana na kila daktari wa wanyama: hurudi. Si kwa wote, lakini kwa wengi wa kutosha kwamba daktari hukuonya mlangoni wakati wa kuondoka. Mimi nilionywa na daktari. Aliyeniuzia bima hakunionya, ingawa yeye ndiye mwenye hesabu za magonjwa ya paka wengi kuliko daktari yeyote. Anajua yapi hurudi, na ndiyo maana mkataba wa miezi 12 ni rahisi. Umekatwa hasa pale gharama zinapoanzia: kisukari, figo, tezi ya shingo, mkojo. Magonjwa ya paka mtu mzima hayana miezi 12. Ukishayapata unaishi nayo.

Ulirudi baada ya miezi 13. Saa nane usiku nilikuwa kwenye chumba chenye taa nyeupe, mbele yangu karatasi mbili. Moja kadirio la gharama, pauni 1,910, nusu kabla ya kuanza. Nyingine fomu ya idhini ya sindano ya mwisho. Daktari, msichana wa umri wangu, aliziweka sambamba kwa upole. Hakunisukuma. Alisema tu kwamba zote mbili ni uamuzi wa huruma. Nilitaka kumwamini, lakini moja ilikuwa huruma na nyingine ilikuwa salio la benki. Pweza alikuwa na miaka minne. Hakuwa anakufa kwa ugonjwa usiotibika, alikuwa anakaribia kufa kwa mkataba.

Nililipa. Sehemu kwa kadi ya mkopo, na sehemu, pauni 640, kutoka kwenye akaunti niliyoiita "Jicho".

Jicho lilikuwa la mama mdogo. Ana mtoto wa jicho upande wa kulia, na tulikuwa tumepanga upasuaji wa mwezi wa tatu: hela ya hospitali, nauli, na ya mtu wa kukaa naye. Ana kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile ambayo kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ile imemsaidia mara nyingi kwa homa na vipimo. Kwa jicho alikoambiwa aende haikufika. Nikawa mimi ndiye bima. Na bima yenyewe, mwezi wa tatu, ikampigia simu ikasema mshahara umechelewa. Huyu ni mama aliyenipikia uji kila asubuhi nikienda shule ya msingi, na nilimdanganya kwa sababu ya mkojo wa paka.

Haya, rafiki yangu, hapa ndipo unapopata nguvu. Utasema: unaona? Paka amekula jicho la mama yako. Ungekuwa na adabu usingefuga. Nimekusikia. Lakini fanya hesabu nami. Kwa bei za siku ile nilipochagua, miezi 18 ya mkataba mwembamba iliniokolea pauni 207. Mkataba wa maisha ungenitoza zile pauni 99 mara mbili tu, yaani 198 kwa magonjwa yote mawili. Mimi nililipa 140, kisha 1,910. Kilichogusa akaunti ya Jicho si kumpenda paka. Ni kumkinga nusu. Paka alikuwa tayari yupo ndani ya nyumba, ananipokea mlangoni saa mbili asubuhi nikitoka zamu. Kusema nisingekuwa naye ni ushauri wa mtu anayekuja na ndoo baada ya nyumba kuungua.

Ndiyo maana nasema bima ya paka si ya paka. Paka hana deni, hana kadi, hana simu ya kupiga Tanga. Bima ya paka ni ya kila mtu mwingine anayekula kwenye mshahara mmoja na huyo paka. Mtu anayetuma pesa nyumbani kila mwezi anahitaji bima nzuri ya paka kuliko tajiri, kwa sababu tajiri akiletewa bili ya saa nane usiku anakasirika tu. Wa kwetu anapoletewa, kuna mtu kilomita maelfu mbali anaahirishiwa kitu bila kuambiwa sababu.

Mwezi wa sita, baada ya upasuaji kufanyika, nilimwambia ukweli. Nilianza na shikamoo ndefu.

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekuwa ndogo?"

Nikamweleza yote. Paka, mpira wa mkojo, mkataba, jicho lake. Alinyamaza kidogo. Nilitegemea matusi ya kistaarabu, yale ya "hongera, wenzako wanajenga". Hakuyasema. Mama mdogo ni mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana pale Ngamiani. Daftari lake lina mistari iliyonyooka kuliko ya benki.

"Hebu nieleze vizuri," akasema. "Umechanga kila mwezi?"

"Kila mwezi, mama."

"Hukukosa hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Ugonjwa ukaja wakatoa. Ugonjwa uleule ukarudi wakasema huu tulishautoa?"

"Ndiyo."

"Sasa mwanangu, hicho ni kikundi gani? Mimi nikimwambia mtu tulishakuchangia kwa baba, kwa mama zika mwenyewe, si watanichomea daftari?"

Sijasoma uchambuzi wa bima ulioupita huo. Bima ni kikundi cha kufa na kuzikana cha watu wasiojuana. Wengi wanatoa kidogo ili mmoja asiangamie. Kinachokifanya kikundi kiheshimike ni kwamba kinakuja siku mbaya, na siku mbaya haina desturi ya kuja mara moja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Anayekufaa kwa dhiki ya kwanza pekee ni mfanyabiashara, na si dhambi kuwa mfanyabiashara, ila asijiite rafiki, na bidhaa yake asiiite nafuu.

Kuna jibu la upande wa pili, na ni la haki nilitaje. Watasema mkataba wa maisha ni ghali kwa sababu magonjwa ya kudumu ni ghali, na kila mtu akilazimishwa kuununua, wengine watabaki bila bima yoyote. Kweli kabisa. Sitaki wapigwe marufuku wenye mikataba myembamba. Nataka iitwe kwa jina lake. Ukurasa wa kwanza, herufi kubwa kama za bei: ugonjwa huohuo ukirudi baada ya mwaka, tunalipa au hatulipi? Neno moja, ndiyo au hapana. Na tovuti za kulinganisha ziache kuchanganya aina nne kwenye orodha moja kama nyanya.

Nataka na jambo la pili. Mwaka 2022 msimamizi wa masoko ya fedha wa Uingereza, FCA, alikataza makampuni ya bima za nyumba na magari kumtoza mteja wa zamani anayehuisha bei kubwa kuliko mteja mpya. Uaminifu usiadhibiwe, ndiyo hoja yao, na ni hoja njema. Bima za wanyama hazikuwekwa kwenye katazo hilo. Fikiria ni nani aliyehitaji kinga hiyo zaidi. Mwenye gari akipandishiwa bei anahama. Mwenye paka mgonjwa hahami, kwa sababu kampuni mpya haitalipia ugonjwa uliokuwepo kabla. Mlango umefungwa nyuma yake tangu siku ya ugonjwa wa kwanza, na kampuni inajua, na barua ya kuhuisha inaandikwa na mtu anayejua.

Kuna wanaonishauri kibubu: achana na bima, weka pauni 18 kila mwezi mwenyewe. Nakipenda kibubu, nimekulia kwenye kibubu. Lakini Pweza aliugua mwezi wa tano. Kibubu kingekuwa na pauni 90. Kibubu ni kwa yule ambaye tayari ana akiba ya kulipa bili kubwa leo; kwa asiyenayo, ni matumaini yenye tundu la kuingizia sarafu.

Kwa hiyo ukiwa unachagua, na mshahara wako unafanana na wangu, usianze na bei. Anza na swali la mama mdogo: ukirudi? Kisha tazama kikomo cha mwaka kama kinaweza kulipa hata ugonjwa mmoja mkubwa. Kama ada ni nzito, usipunguze aina ya mkataba. Punguza kwa kukubali kutoa mwenyewe kiasi kikubwa zaidi mwanzoni. Pauni 250 unaweza kuzikopa kwa mtu mnayeheshimiana, 1,910 huwezi. Uliza paka akizeeka kama watakutaka uchangie asilimia ya kila bili. Uliza kama wanamlipa daktari moja kwa moja au unatoa kwanza ndipo warudishe, kwani kurudishiwa ni kwa mwenye nacho. Dawa za muda mrefu, omba cheti uzinunue kwingine. Ni haki yako. Na yote haya yafanye paka akiwa mzima, kwa sababu uchaguzi wa kwanza ndio karibu uwe wa mwisho.

Pweza ana miaka sita sasa. Anakula chakula cha majimaji, anakunywa kwenye chemchemi ndogo ya umeme, ana mkataba wa maisha unaolipia kila kiungo cha mwili wake isipokuwa njia ya mkojo. Hicho ndicho kibubu changu kinachosimamia. Kila nikitia pesa humo nakumbuka pauni 207 nilizookoa.

Mama mdogo anaona vizuri. Juzi alinitumia sauti kwenye simu, anacheka, anasema amemwona paka wangu kwenye picha na hakujua kwamba mweusi wenyewe ni mweusi kiasi kile. Halafu akauliza, kwa sauti ya mweka hazina, kama kile kikundi changu kipya kinazika mara ngapi.